Kuchagua Mbegu ya Nyanya kwa Kilimohai katika Uwanda wa Dodoma

Uwanda wa kati wa Tanzania uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi mjini Dodoma na hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi cha jua kali mchana, baridi ya alfajiri mwezi Juni na Julai, na upepo mkavu unaopamba moto kuanzia Agosti. Kwa sababu hiyo nyanya ya huku ni zao la kumwagilia. Hulimwa kando ya makorongo ambako watu hufukua visima mchangani, kwenye skimu ndogo, na kwenye viwanja vya nyuma ya nyumba vyenye bomba au kisima kirefu. Mbegu zinazojaa kwenye maduka ya pembejeo, kinyume chake, zilichaguliwa kwingine: Tengeru mkoani Arusha, ambako mvua ni karibu mara mbili ya hiyo, au nje ya nchi kabisa. Sifa zilizoandikwa kwenye pakiti ni za kweli, ila ni za kweli huko zilikopimwa.

Kilimohai kinaongeza tatizo la pili. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimohai, kilichopitishwa mwaka 2007 na kuja na alama ya Kilimohai, hakiruhusu mbolea za viwandani, viuatilifu vya kutengenezwa wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Shamba linalopuliziwa dawa kila wiki huficha udhaifu wa mbegu: aina dhaifu na aina ngumu hufika sokoni pamoja, na mshindi huwa ile yenye tunda kubwa. Dawa ikiondolewa, mpangilio hubadilika. Kazi iliyokuwa ikifanywa na bomba la mgongoni hurudi kwenye mizizi, majani na ngozi ya tunda. Ndiyo maana orodha ya "mbegu bora" iliyotokana na mashamba ya dawa haimfai sana mkulima wa samadi na mwarobaini, na ndiyo maana inambidi alinganishe mwenyewe.

Aina zilizopo

Aina za nyanya hugawanyika kwanza kwa umbo la mmea. Aina fupi hukua hadi kimo fulani, hutoa maua kwa mkupuo na kuiva ndani ya wiki chache. Aina ndefu huendelea kurefuka na kuzaa miezi mingi, lakini zinadai miti ya kuegemea, kamba na mtu wa kuondoa machipukizi kila wiki. Mgawanyo wa pili ni wa mbegu yenyewe. Aina ya kawaida huzaa watoto wanaofanana nayo, kwa hiyo mbegu yake huweza kuhifadhiwa. Chotara, yaani F1, haifanani na watoto wake, na mkulima hurudi dukani kila msimu.

Kati ya aina za kawaida, Tengeru 97 na Tanya ndizo zenye asili ya nyumbani. Zilitolewa mwaka 1997 kutokana na kazi ya pamoja ya kituo cha utafiti cha Tengeru, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na kituo cha kimataifa cha mboga ambacho tawi lake la Arusha lilianza mwaka 1992. Tengeru 97 ilipendwa kwa mambo mawili yanayoihusu Dodoma moja kwa moja. Inavumilia minyoo fundo, na ngozi yake ni ngumu kiasi cha kukaa muda mrefu baada ya kuchumwa bila kulainika. Inastahili kuwa ndiyo mbegu ya kulinganishia katika kila jaribio la uwanda huu: aina mpya isiyoishinda haina sababu ya kununuliwa.

Roma VF, Cal J na Rio Grande ni aina fupi zenye nyama nyingi na maji machache, zilizotengenezwa kwa ajili ya viwanda vya nyanya ya kopo. Kwenye tenga hazipasuki ovyo. Herufi V na F humaanisha kinga dhidi ya mnyauko wa ukungu wa aina mbili, vetisiliamu na fuzari. Hazihusiani kabisa na mnyauko wa bakteria, na kosa la kudhani kwamba VF ni kinga ya kila mnyauko limewagharimu wengi. Herufi N, pale inapoonekana, ni ya minyoo fundo. T au ToMV ni ya virusi vya batobato, na TYLCV ni ya ule ugonjwa wa kujikunja majani ambao wakulima huuita rasta.

Money Maker ni aina ndefu ya zamani kutoka Uingereza. Tunda lake ni la mviringo, tamu, lenye maji na ngozi nyembamba. Kwa kachumbari ina wapenzi wake, na jina lake linaahidi fedha, lakini kwa bustani ya kilimohai yenye udongo uliochoka ni kama kumtuma mtoto vitani: haina kinga ya maana dhidi ya magonjwa ya udongoni. Marglobe, iliyotolewa Marekani mwaka 1925, nayo ni ya mviringo lakini ilizalishwa makusudi kustahimili mnyauko fuzari.

Chotara ni nyingi na hubadilika kila mwaka. Anna F1 ni ndefu na imezoeleka kwenye vitalu nyumba. Assila F1 ni fupi na imetengenezwa kuhimili rasta. Bei ya pakiti ya chotara ni kubwa mara nyingi kuliko ya aina ya kawaida, na kwenye kilimohai kuna swali la ziada: mbegu nyingi huja zimepakwa dawa ya ukungu yenye rangi ya waridi, bluu au kijani. Mkulima anayetafuta alama ya Kilimohai aulize mapema kama kuna pakiti isiyopakwa, na aizungumzie na kikundi chake cha ukaguzi kabla ya kupanda.

Kinachoua nyanya Dodoma

Wakulima wa nyanda za juu za Lushoto, Mgeta au Kilolo huhofia zaidi bakajani chelewa, ukungu wa baridi na unyevu ambao wengi huuita barafu. Kwenye uwanda wa kati ukungu huo hutisha wakati wa mvua tu. Mkulima wa kiangazi anayelipia mbegu kwa sababu ya kinga hiyo analipia mwavuli wakati wa jua. Maadui wake ni wengine: minyoo fundo kwenye udongo wa kichanga unaorudiwa kila msimu, inzi weupe na rasta wanayoileta, utitiri mwekundu, ubwiri unga, na kantangaze.

Kantangaze, mdudu ambaye kitaalamu huitwa *Tuta absoluta*, alitoka Amerika Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006 na kuingia Tanzania mwaka 2014. Jina alilopewa na wakulima wa Tanzania linatosha kueleza hofu yake: nenda ukanitangaze. Hakuna aina ya nyanya inayouzwa leo yenye kinga kamili dhidi yake. Kwa hiyo asiwekwe kwenye orodha ya vigezo vya kuchagulia mbegu. Adhibitiwe sawasawa kwenye aina zote, kwa wavu kwenye kitalu cha miche, mitego ya harufu, kuchuma majani yaliyotobolewa na kuyazika, na dawa zitokanazo na bakteria aina ya Bt au na mwarobaini. Mwarobaini hautafutwi mbali mjini Dodoma. Umepandwa kila mtaa.

Ili ulinganisho uwe na maana, mkulima ajue anachohesabu. Mmea unaonyauka mchana na kuamka jioni unaweza kuwa na kiu, minyoo au bakteria, na dawa ya kila kimoja ni tofauti. Mmea ung'olewe kwa jembe, siyo kwa kuvutwa, ili mizizi itoke nzima. Mizizi yenye minyoo fundo huwa na vinundu kama shanga zilizoungana, ambavyo haviwezi kupukutishwa kwa kidole kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Vinundu vya rutuba kwenye mizizi ya kunde, ambavyo watu huvichanganya na hivyo, hung'oka kirahisi. Kama mizizi ni safi, kipande cha shina cha urefu wa kiganja kikatwe karibu na ardhi na kuning'inizwa ndani ya glasi ya maji meupe, ncha ikigusa maji tu. Ndani ya dakika chache mmea wenye mnyauko bakteria hutoa uzi mweupe kama moshi unaoshuka polepole chini ya glasi. Wenye mnyauko fuzari hautoi uzi. Shina lake likipasuliwa kwa urefu huonyesha mistari ya kahawia, na majani yake mara nyingi yalianza kugeuka njano upande mmoja. Kipimo hiki cha glasi hakigharimu kitu, na kinaamua mambo makubwa: shamba lenye bakteria halifai kulinganishia aina za kawaida hata kidogo. Hapo njia iliyobaki ni kuhamia kiwanja kingine, au kupandikiza miche ya nyanya juu ya shina la bilinganya linalostahimili.

Rasta hutambulika kwa majani machanga yanayokunjamana kwenda juu kama kikombe, kingo za njano na mmea uliodumaa kama uliokatwa kichwa. Mmea ulioshikwa kabla ya maua hautazaa kitu cha kupima. Hesabu ya rasta ifanyike wiki ya sita baada ya kuhamisha miche, kwa kuhesabu mimea iliyodumaa kwenye kila kitalu.

Msimu na maji

Aina ileile hupata alama tofauti kulingana na mwezi. Nyanya hupenda mchana wa nyuzi 21 hadi 27. Joto la mchana linapopita nyuzi 32 hivi, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Oktoba na Novemba Dodoma hufika hapo, tena kwa upepo mkavu. Joto hilohilo huzuia rangi nyekundu kujijenga, na tunda huiva likiwa na mabega ya manjano. Mnunuzi husema halijaiva, kumbe limeiva na limechomwa. Miche iliyosiwa Machi na kuhamishiwa shambani Aprili, mvua zikiisha, hutoa maua kwenye baridi na kuvunwa kabla ya joto hilo. Huo ndio msimu wa kufanyia ulinganisho wa kwanza. Anayetaka mbegu ya Oktoba afanye jaribio jingine la Oktoba, na hesabu kuu hapo iwe idadi ya maua yaliyoshika tunda kwenye vichala vitatu vya kwanza.

Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, jambo linalojulikana na yeyote aliyewahi kunywa chai ya huko. Nyanya huvumilia chumvi kidogo, lakini matunda huwa madogo na ugonjwa wa kuoza kitako huongezeka: sehemu ya chini ya tunda hugeuka nyeusi na kubonyea kama ngozi ya kiatu. Chanzo ni kalisi kutofika kwenye ncha ya tunda, kwa sababu ya chumvi au kwa sababu ya kumwagilia leo na kusahau siku tatu. Aina zenye tunda refu, Roma na Rio Grande zikiwemo, hushikwa zaidi kuliko za mviringo. Mwenye kisima cha chumvi asishangae Roma VF inayosifiwa na jirani wa skimu ikimwangusha. Kabla ya kuikataa, maji yatolewe kidogo kila siku na matandazo ya majani ya mtama au nyasi yawekwe unene wa kiganja.

Kuandaa jaribio

Aina tano zinatosha: Tengeru 97, mbegu anayopanda mkulima siku zote, na tatu anazotaka kuzijua. Zikizidi hapo, daftari hushinda jembe. Kila aina ipandwe kwenye vitalu vinne vya mimea 12, jumla mimea 240. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, hiyo ni mita za mraba 72, eneo la uani tu. Kitalu kimoja kwa kila aina hakitoshi. Kinachoonekana kuwa ubora wa mbegu mara nyingi ni ubora wa mahali: pale palipokuwa zizi miaka kumi iliyopita, au pale mfereji unapovuja.

Eneo ligawanywe kwanza kwenye matuta makubwa manne kufuata mteremko au umbali kutoka kisimani. Ndani ya kila tuta aina zote tano ziwemo, na nafasi ya kila moja iamuliwe kwa karatasi zilizokunjwa na kutolewa kwenye kofia, upya kwa kila tuta. Mkulima akijipangia mwenyewe, mkono wake utaipeleka mbegu anayoipenda kwenye udongo mzuri bila yeye kujua. Mstari mmoja wa nyanya yoyote uzungushwe pembezoni na usipimwe, kwa kuwa mimea ya nje hupigwa upepo na kuibiwa.

Mbegu zote zipandwe kwenye kitalu cha miche siku moja, kwenye udongo mmoja, chini ya wavu mmoja. Mche uliokaa kitaluni wiki nne hauwezi kulinganishwa na wa wiki sita. Kiwanja kisiwe kimetoka kuzaa nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo. Mahali palipotoka mtama au uwele ni pazuri zaidi, maana nafaka hizo hupunguza maadui wa nyanya walioko udongoni. Samadi iliyooza vizuri itiwe kilo 2 kwa mita ya mraba, yaani kilo 7 hivi kwa kila kitalu cha mimea 12, na ipimwe kwa mizani au kwa ndoo ileile. Samadi ya ng'ombe wa uwandani ni nyingi na nafuu, lakini ile iliyochotwa mbichi zizini huunguza mizizi na kuleta magugu. Rundo lilowanishwe, lifunikwe na ligeuzwe kwa miezi miwili hadi mitatu.

Kama aina ndefu zimo, zipewe nafasi yao, sentimita 75 kwa 50, na miti yao. Kuzibana ili zifanane na fupi ni kuzihukumu kabla hazijajitetea. Mavuno yake yahesabiwe kwa mita ya mraba badala ya kwa mmea.

Kuvuna, kupima na kukokotoa

Kila kitalu kivunwe peke yake, mara mbili kwa wiki. Matunda yagawanywe mafungu mawili papo hapo, yanayouzika na yasiyouzika, na kila fungu lipimwe. Kwa yasiyouzika iandikwe sababu kwa herufi moja: K kwa kantangaze, O kwa kuoza kitako, P kwa kupasuka, J kwa kuungua na jua. Safu hii ya herufi hufundisha kuliko safu ya kilo. Aina yenye mavuno madogo ambayo hasara yake nzima ni O inaweza kuokolewa kwa kurekebisha maji. Yenye P nyingi haiokoki, kwa sababu ngozi nyembamba ni tabia yake.

Jaribio la kukaa ni rahisi na wengi hulisahau. Matunda kumi ya kila aina, yaliyochumwa siku moja yakianza kubadilika rangi, yapangwe kwenye ungo kivulini bila kugusana. Kila asubuhi yabonyezwe kwa kidole gumba, kama anavyofanya mnunuzi sokoni, na yaliyolainika yaondolewe na kuhesabiwa. Siku ambayo matano yamelainika ndiyo umri wa aina hiyo. Kwa anayeuza kwa sado mtaani, tofauti ya siku tano siyo kitu. Kwa anayesubiri siku ya mnada, au anayepeleka tenga kwa bodaboda kwenye barabara ya vumbi, ni msimu mzima. Nyanya za Ilula zinazotoka mkoani Iringa hufika Dodoma zikiwa ngumu na nyekundu, na hizo ndizo mnunuzi anazozilinganisha na za bustanini.

Mwisho kuna hesabu ya maji, ambayo kwenye uwanda huu ingepaswa kutangulia hesabu ya kilo. Tuseme kitalu cha mimea 12 kinapewa lita 24 kwa siku. Aina ndefu iliyokaa shambani siku 130 imekunywa lita 3,120, sawa na ndoo 156 za lita 20. Ikiwa imetoa kilo 12 zinazouzika, kila ndoo imeleta gramu 77. Aina fupi iliyomaliza kwa siku 100 imekunywa ndoo 120. Kilo zake 10 ni gramu 83 kwa ndoo. Iliyoshindwa kwa kilo imeshinda kwa maji, na imeacha kiwanja wazi mwezi mzima mapema. Mwenye mfereji wa bure anaweza kuipuuza hesabu hii. Anayelipia maji kwa ndoo, au anayechota kwenye shimo la mchangani linaloshuka kila wiki, hana kigezo kikubwa kuliko hicho.

Aina isiyoshinda mbegu ya kulinganishia kwenye angalau matuta matatu kati ya manne isihesabiwe kuwa imeshinda, hata kama jumla yake ni kubwa. Huenda tuta moja lenye bahati ndilo lililoibeba. Iliyoshinda ipandwe tena msimu wa pili kwenye robo ya shamba kabla ya kupewa shamba zima.

Kuhifadhi mbegu ya aina iliyochaguliwa

Kama mshindi ni aina ya kawaida, mbegu yake ichukuliwe shambani mwa mkulima mwenyewe. Nyanya hujichavusha yenyewe, hivyo umbali wa mita chache kutoka aina nyingine kwa kawaida hutosha kwa matumizi ya nyumbani. Mimea ichaguliwe mapema na kufungwa kitambaa: yenye afya, isiyo na alama ya virusi, iliyozaa vizuri kwenye vichala vya chini. Kuchagua tunda kubwa kutoka mmea mgonjwa ni kurithisha ugonjwa.

Matunda yaive kabisa, yapasuliwe, na mbegu pamoja na ute wake ziwekwe kwenye chombo kwa siku mbili hadi tatu zichachuke, zikikorogwa kila siku. Kwenye joto la Oktoba siku mbili zinatosha; zikizidi, mbegu huanza kuota. Zikishachachuka, zimwagiwe maji, zinazoelea zitupwe, zilizozama zioshwe na kutandazwa kwenye kitambaa au sahani kivulini. Karatasi haifai, kwa kuwa mbegu huganda. Zikikauka kiasi cha kusikika zikitikiswa, zifungwe kwenye chupa kavu yenye kijiko cha majivu makavu ndani ya kitambaa. Nje ya chupa yaandikwe jina la aina, mwezi wa kuvuna na kitalu zilikotoka. Zikiwekwa mahali pa baridi na giza, zitaota vizuri kwa miaka mitatu au zaidi.